Mwongozo Kamili wa Kuonyesha na Kujadili Filamu ya Amistad Darasani au Katika Kikundi

Filamu ya Amistad, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kuanza kuonyeshwa Desemba 1997, inasimulia kisa cha kweli cha Waafrika waliotekwa katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone, wakauzwa Kuba, wakaasi wakiwa baharini, kisha wakajikuta jela nchini Marekani huku mahakama zikibishana kama wao ni watu huru au ni mali ya wengine. Ni filamu ndefu na nzito, na mara nyingi huonyeshwa shuleni kwa namna isiyoitendea haki: taa huzimwa, filamu huchezwa kutoka mwanzo hadi mwisho, baadhi ya watazamaji hutokwa na machozi, kisha kila mmoja huenda zake akiamini kwamba mzee mmoja Mmarekani alisimama, akasema maneno mazuri, na watumwa wakaachiwa.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa historia au uraia, mlezi wa klabu ya wanafunzi, na kiongozi yeyote wa kikundi anayetaka watu wake watoke na kitu kizito zaidi ya hicho. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Watu wa Amistad walishinda kwa sababu ushahidi wa asili yao, uliotoka vinywani mwao kwa lugha yao wenyewe, haukuweza kupinduliwa, na mtazamaji akizoezwa kuufuata ushahidi huo kidogo kidogo, filamu humfunulia mengi kuliko anayoyapata akiisubiri hotuba ya mwisho.

Hatua ya kwanza: Lijue shauri kabla ya kuigusa filamu

Anayeongoza kikundi hana budi kuwa na mfuatano wa matukio kichwani, kwa kuwa filamu inaanzia katikati, usiku wa maasi, na hairudi nyuma kuonyesha utekaji na safari ya bahari mpaka mtazamaji amekwisha kuwaona watu hao wakiwa wafungwa kwa muda mrefu.

Mwanzoni mwa 1839, Sengbe Pieh, mkulima wa mpunga wa kabila la Wamende, mwenye mke na watoto watatu, alikamatwa akiwa njiani, akapelekwa Lomboko, kituo cha biashara ya watumwa kilichokuwa kwenye mlango wa mto Gallinas chini ya Mhispania Pedro Blanco. Kutoka hapo yeye na mamia ya wenzake walipakiwa katika meli ya Kireno iliyoitwa Tecora na kuvushwa Atlantiki hadi Havana. Hapa ndipo penye kiini cha shauri zima, na ni vyema kiongozi apaelewe barabara. Hispania ilikuwa imetia saini mkataba na Uingereza mwaka 1817, na kwa mkataba huo kuingiza watumwa wapya kutoka Afrika katika makoloni yake kulipigwa marufuku kuanzia 1820. Utumwa wenyewe ulibaki halali nchini Kuba, lakini mtu aliyeletwa kutoka Afrika baada ya hapo alikuwa, kwa sheria ya Hispania yenyewe, mtu huru aliyetekwa nyara. Wafanyabiashara waliikwepa sheria hiyo kwa kuwaandikia mateka hati za uongo zenye majina ya Kihispania, zikidai kwamba hao ni watumwa wa siku nyingi waliokwisha kuzoea maisha ya Kuba. Ndivyo Sengbe Pieh alivyogeuzwa kuwa José Cinqué, na filamu inamwita kwa jina hilo la Cinqué.

José Ruiz alinunua wanaume 49, na Pedro Montes akanunua watoto 4, watatu kati yao wasichana. Tarehe 28 Juni 1839 wote 53 walipakiwa katika merikebu ya milingoti miwili, La Amistad, iliyokuwa ikitoka Havana kwenda upande mwingine wa pwani hiyohiyo ya Kuba. Njiani mpishi wa merikebu, Celestino, aliwaonyesha kwa kupitisha mkono kooni na kuelekeza kidole kwenye mapipa ya nyama kwamba wanakwenda kuchinjwa na kuliwa. Baada ya siku chache walijifungua minyororo usiku, wakatwaa mapanga ya kukatia miwa yaliyokuwa kwenye shehena, wakamwua nahodha Ramón Ferrer na mpishi huyo, na wakawaacha hai Ruiz na Montes ili wawarudishe Afrika. Montes, aliyekuwa na ujuzi wa ubaharia, aliielekeza merikebu mashariki wakati wa mchana, kwa kuwa Waafrika walijua kwamba kwao kuko upande wa jua linakochomoza, lakini usiku akaigeuza kaskazini na magharibi. Walitangatanga karibu miezi miwili, wengine wakafa kwa kiu na maradhi, mpaka tarehe 26 Agosti walipokamatwa na meli ya serikali ya Marekani iitwayo Washington, karibu na Montauk, kwenye ncha ya Long Island. Luteni Thomas Gedney hakuwapeleka katika bandari ya New York, jimbo ambalo utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa, bali aliwapeleka New London katika jimbo la Connecticut, ambako sheria bado iliuruhusu.

Mfuatano huu uandikwe ubaoni au kwenye karatasi kubwa itakayobaki ukutani muda wote wa vikao. Usiogope kwamba utaharibu utamu wa filamu kwa kueleza yanayokuja. Mtazamaji anayejua kilichotokea Havana ndiye anayeweza kuona, katika kila kikao cha mahakama, ni nani anasema uongo na kwa nini uongo huo unamfaa.

Hatua ya pili: Pima hadhira, muda na chumba

Filamu ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Ina mauaji ya kutumia mapanga, watu walio uchi wakiwa wamefungwa minyororo, kuchapwa mijeledi, na tukio la mateka kutupwa baharini wakiwa hai, ambalo mtu hulikumbuka kwa muda mrefu. Nchini Marekani iliwekwa katika daraja linalomtaka aliye chini ya miaka 17 aongozane na mtu mzima, nami naona daraja hilo linafaa pia kwetu: kidato cha tatu na kuendelea, wazazi wakiwa wameelezwa mapema kwa barua fupi inayotaja matukio hayo bila kuyapamba, na mwanafunzi akiwa na ruhusa ya kutoka nje bila kuulizwa. Madarasa ya chini yanaweza kupewa vipande vya mahakamani pekee.

Igawe filamu katika vikao vinne vya dakika 40 hivi za kutazama, na kila kikao kiwe na muda usiopungua huo wa mazungumzo. Spika ni muhimu kuliko ukubwa wa picha, kwa kuwa mengi yanategemea sauti na lugha.

Kuhusu tafsiri, filamu ina lugha tatu, yaani Kiingereza, Kihispania na Kimende, na maandishi ya tafsiri chini ya picha ni ya Kiingereza. Iwapo kikundi chako hakikimudu Kiingereza, teua mtu mmoja mwenye sauti ya wazi atafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili, kama watafsiri wa mabanda ya video walivyozoea kufanya, lakini umwekee mpaka mmoja usiovukwa: asiongeze vichekesho wala maoni yake, na pale ambapo filamu yenyewe imewaacha Wamende wazungumze bila tafsiri, naye anyamaze. Hali ya kutoelewa ni sehemu ya somo, kwani majaji, mawakili na askari jela wote walikuwa katika hali hiyohiyo kwa wiki nyingi.

Hatua ya tatu: Andaa ramani na daftari la ushahidi

Ramani iwe moja na iwe kubwa, ikionyesha Sierra Leone, Havana, Montauk, New Haven (mji wa Connecticut ambako shauri lilisikilizwa), Washington na Freetown. Chora juu yake safari nne kwa rangi tofauti: Tecora, Amistad, safari ya mashauri kutoka mahakama moja hadi nyingine, na ile ya kurudi nyumbani.

Daftari ndilo chombo kikuu cha mwongozo huu. Kila mtazamaji achore safu nne: nani anazungumza, kwa lugha gani, nani chumbani anamwelewa, na maneno yake yanathibitisha nini. Katika vipande vya mwanzo safu ya tatu itajaa neno "hakuna", na watazamaji watalalamika kwamba wanarudia kuandika jambo lilelile. Waache waendelee. Atakapotokea mkalimani James Covey, safu hiyo itabadilika ghafla, na mabadiliko hayo yakiwa kwenye karatasi zao wenyewe hayahitaji maelezo ya mwalimu.

Hatua ya nne: Simamisha filamu mahali panapofaa

Kusimamisha ovyo kunachosha, kwa hiyo chagua vituo vichache, na katika kila kimoja uwe na swali moja lililo tayari.

Kituo cha kwanza ni dakika za mwanzo kabisa. Gizani, katika radi na mvua, tunaona vidole vya Cinqué vikiuchimbua msumari kutoka kwenye mti wa meli, vikiwa na damu na jasho, karibu mno na kamera kiasi kwamba hatujui bado ni mtu wa namna gani wala yuko wapi. Simamisha baada ya maasi kwisha, kabla ya kuuliza lolote kuhusu haki na batili, na uulize swali dogo tu: mpaka sasa tumeelewa maneno ya nani, na tumeelewa matendo ya nani? Msumari huo haukubuniwa na waandishi wa filamu tu, kwani simulizi za wakati ule pia zinamtaja Sengbe akiwa na msumari aliousitiri na kuutumia kufungulia kufuli.

Kituo cha pili ni kikao cha kwanza mahakamani, ambapo madai yanarundikwa mbele ya jaji moja baada ya lingine. Hapa wape watazamaji muda wa kutosha wa kuandika, kwa kuwa ndiyo sehemu inayowachanganya wengi. Katika historia madai yalikuwa hivi: Ruiz na Montes walidai warudishiwe "mali" yao, serikali ya Hispania ilidai merikebu pamoja na vyote vilivyomo kwa mujibu wa mkataba wake na Marekani wa 1795, serikali ya Marekani, kupitia mwendesha mashtaka William Holabird, iliunga mkono dai hilo la Hispania, Luteni Gedney na wenzake walidai malipo ya kuokoa merikebu na shehena, na katika shehena hiyo wakawahesabu binadamu, nao watu wawili wa Long Island, Henry Green na Pelatiah Fordham, walidai kwamba wao ndio waliowaona Waafrika kwanza ufukoni na kwa hiyo malipo hayo ni yao. Dhidi ya wote hao walisimama Waafrika wenyewe, wakidai kwamba wao si mali ya mtu yeyote. Uliza: kati ya wadai hawa wote, ni nani anayehitaji Waafrika hawa wawe watumwa ili dai lake lisimame? Wanafunzi wakikuta kwamba karibu wote wanahitaji hivyo, wamekwisha kuelewa ugumu wa shauri.

Kituo cha tatu ni kile cha kuhesabu bandarini, na hapa nashauri mtulie kuliko mahali pengine popote. Katika historia aliyefanya kazi hiyo ni Josiah Gibbs, profesa wa lugha wa chuo cha Yale. Alikwenda jela, akainua kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, nao wafungwa wakamtajia namba kwa Kimende, naye akazikariri mpaka kumi. Kisha akaenda kwenye magati ya New York, akawa anapita kati ya mabaharia weusi akihesabu kwa sauti, mpaka akampata kijana aliyeshtuka kusikia lugha ya kwao. Kijana huyo ni James Covey, Mmende aliyekuwa ametekwa utotoni, akaokolewa na jeshi la majini la Uingereza, na wakati huo alikuwa baharia wa meli ya Kiingereza Buzzard. Alipopelekwa jela na kufungua kinywa chake, wafungwa walipiga kelele za furaha. Filamu imemgeuza Gibbs kuwa mtu wa kuchekwa, na kazi ya kuhesabu bandarini ikapewa wakili na mwenziwe, jambo ambalo binafsi linanisikitisha, kwa maana mwanazuoni aliyekubali kutembea gatini akihesabu kwa lugha asiyoijua hakustahili dhihaka. Zoezi zuri hapa ni kukifundisha kikundi namba tatu za Kimende, fele kwa mbili, sawa kwa tatu, naani kwa nne, kisha mmoja wao azunguke chumba kizima akizitamka huku wengine wakipiga zogo, ili waone ilivyokuwa kazi kusikika.

Kituo cha nne ni ushahidi wa Cinqué kuhusu Lomboko na Tecora. Usisimamishe wakati tukio linaendelea. Likishakwisha, kaa kimya kwa muda, ruhusu wanaotaka kutoka watoke, na uanze mazungumzo kwa kueleza yaliyotokea New Haven mnamo Januari 1840. Sengbe, Grabeau na Fuliwa walitoa ushahidi kupitia kwa Covey, na Sengbe aliketi sakafuni mbele ya mahakama akaonyesha jinsi mikono na miguu yao ilivyofungwa pamoja. Hakuna mtu katika chumba kile aliyehitaji mkalimani ili kulielewa hilo. Kuhusu mateka waliotupwa baharini, weka wazi kwamba kumbukumbu za shauri la Amistad hazisimulii tukio kama lile katika Tecora, ila waandishi wa filamu wamelichota kutoka historia pana ya biashara hiyo, mathalani meli ya Kiingereza Zong, ambayo mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa majini watu zaidi ya 130 ili wenye meli wadai bima.

Kituo cha tano ni cha Yamba, mmoja wa wafungwa, akiwa gerezani na Biblia yenye picha, akimsimulia Cinqué maisha ya Yesu kwa kuangalia michoro tu. Kwa kikundi chenye Wakristo na Waislamu pamoja, kiongozi aielekeze mada kwenye namna mtu asiyejua kusoma maandishi anavyosoma picha, na azuie mashindano ya dini yasizuke.

Hatua ya tano: Fuata mahakama moja baada ya nyingine

Filamu inazichanganya ngazi za mahakama kiasi cha kumpoteza mtazamaji, hivyo zieleze kwa mpangilio wake halisi. Septemba 1839, huko Hartford, Jaji Smith Thompson aliamua kwamba mahakama za Marekani hazina mamlaka ya kuwashtaki kwa mauaji yaliyotendeka katika merikebu ya Kihispania baharini, lakini hakuwaachia. Suala la mali aliliacha kwa Mahakama ya Wilaya. Watu wengi hawalijui hili: tangu hapo shauri halikuhusu tena mauaji.

Katika Mahakama ya Wilaya mwenye kuamua alikuwa Andrew Judson, na hapa historia ni tamu kuliko ubunifu. Filamu inamwondoa jaji wa kwanza kwa hila za rais na kumweka kijana aitwaye Coglin, ambaye hakuwahi kuwapo. Judson wa kweli alibaki kitini mwake mpaka mwisho, na hakuwa rafiki wa watu weusi hata kidogo, kwa kuwa mwaka 1833 alikuwa mstari wa mbele kumshambulia Prudence Crandall, mwalimu wa Connecticut aliyefungua shule kwa ajili ya wasichana weusi. Rais Martin Van Buren alikuwa na uhakika wa ushindi kiasi kwamba aliamuru meli ya kijeshi Grampus isubiri bandarini New Haven, tayari kuwakimbiza Waafrika Kuba kabla mawakili wao hawajawahi kukata rufaa. Hata hivyo tarehe 13 Januari 1840 Judson aliamua kwamba watu hao walizaliwa huru, walitekwa kinyume cha sheria, na wakabidhiwe kwa rais ili awarudishe Afrika. Mtu mwenye chuki alibanwa na ushahidi.

Ushahidi gani? Filamu inampa Baldwin, wakili wa Waafrika, karatasi anazozigundua merikebuni, na hilo linaonekana vizuri kwenye kioo, ila halikuwa hivyo. Kulikuwa na mambo matatu, na kila mtazamaji anapaswa kuyajua kwa moyo. La kwanza ni lugha: watu waliodaiwa kuishi Kuba kwa miaka mingi hawakujua Kihispania. La pili ni watoto: wasichana wadogo wasiozidi miaka kumi hivi waliandikwa kwenye hati kama watumwa wa tangu kabla ya 1820, yaani kabla hawajazaliwa. La tatu ni ushahidi wa Daktari Richard Madden, ofisa wa Uingereza aliyeishi Havana, aliyeeleza Novemba 1839 jinsi hati hizo zilivyokuwa zikinunuliwa na kugushiwa. Waambie watazamaji wazisake nguzo hizi tatu katika daftari zao na waone ni ipi filamu imeitumia, ipi imeipunguza, na ipi imeiacha.

Serikali ilikata rufaa, na Februari 1841 shauri lilifika Mahakama ya Juu huko Washington, iliyokuwa ikikaa katika chumba cha chini cha jengo la Bunge. Roger Sherman Baldwin ndiye aliyeanza kujenga hoja za kisheria, kazi ambayo filamu imeifuta kabisa. Kisha John Quincy Adams, rais wa zamani mwenye umri wa miaka 73, alizungumza kwa zaidi ya saa nne tarehe 24 Februari na kwa saa nyingi tena tarehe 1 Machi, baada ya kikao kuahirishwa kwa kifo cha Jaji Barbour. Hotuba ya filamu ni ya dakika chache, na maneno yake ni ya waandishi wa filamu. Tarehe 9 Machi Jaji Joseph Story alisoma uamuzi, akipingwa na jaji mmoja tu, Henry Baldwin.

Usome uamuzi huo pamoja na kikundi kwa maana yake, polepole. Mkataba wa 1795 ulilazimisha kurudishwa kwa mali iliyoibwa. Watu hawa hawakuwa mali, kwa sababu sheria ya Hispania yenyewe haikuwahi kuwafanya watumwa halali. Hivyo wako huru. Angalia kilichokosekana hapo: mahakama haikusema kwamba utumwa ni batili. Kama wangekuwa watumwa waliozaliwa Kuba, hoja hiyohiyo ingewarudisha kwa Ruiz. Wakati huohuo, katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa utumwani, na uamuzi huu haukumgusa hata mmoja wao. Filamu inapofika kwenye shangwe na muziki wa John Williams, kiongozi asione haya kuizima kwa dakika tano ili jambo hili lieleweke.

Hatua ya sita: Tenga kilichotokea na kilichobuniwa

Theodore Joadson, anayeigizwa na Morgan Freeman, hakuwapo. Amewekwa badala ya Wamarekani weusi walioshiriki harakati hizo, kama mchungaji James Pennington wa Hartford, aliyekuwa ametoroka utumwa Maryland na ambaye alistahili kuonekana kwa jina lake. Baldwin wa kweli hakuwa kijana anayetafuta kazi. Alikuwa na miaka 46, wakili mwenye heshima na mpinga utumwa wa muda mrefu. Lewis Tappan, mpinga utumwa aliyewatetea Waafrika hao, ameonyeshwa kama mtu ambaye angeridhika wafungwa wafe mashahidi wa imani, ilhali alichanga, aliandika na kusafiri kwa ajili yao mpaka walipopanda meli ya kurudi kwao. Cinqué hakuwapo Washington siku ya hukumu. Yeye na wenzake walikuwa bado kizuizini Connecticut. Ngome ya Lomboko, ambayo filamu inaibomoa kwa mizinga mwishoni, ilishambuliwa na Waingereza chini ya Joseph Denman mwaka 1840, kabla ya hukumu.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna kosa moja lenye ladha ya nyumbani. Katika nyumba yake ya vioo Adams anamwonyesha Cinqué ua dogo la zambarau kutoka Afrika kama ukumbusho wa kwao. Ua hilo asili yake ni misitu ya milima ya Usambara, Tanga, na wataalamu wa mimea wa Ulaya hawakulieleza kisayansi mpaka miaka ya 1890, wakati Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hilo, alipopeleka mbegu zake Ujerumani. Adams alikufa 1848, na Cinqué alitoka upande wa pili wa bara. Kosa hili litumike kufundishia: muulize mwanafunzi filamu ingepata hasara gani kama ingemwuliza Mmende ni ua gani la kwao angelitambua.

Hatua ya saba: Igizeni mahakama

Baada ya kikao cha mwisho, gawa kikundi katika wadai wale wote, Waafrika, mkalimani mmoja na majaji watatu. Waafrika wazungumze lugha ambayo majaji hawaijui, Kigogo, Kinyakyusa, Kijaluo au nyingine yoyote iliyopo chumbani, na kila swali lipite kwa mkalimani. Majaji waamue kwa sheria za 1839 pekee, bila kusema kwamba utumwa ni dhambi, kwa kuwa kisheria hoja hiyo haikuwepo mezani. Igizo la saa moja linatosha, na sehemu ngumu kuliko zote huwa ni kumzuia mkalimani asianze kujibu kwa niaba ya shahidi.

Hatua ya nane: Mjadala na kazi ya kuandika

Kwa wakazi wa pwani yetu lipo swali la kweli la kuuliza. Amri ya 6 Aprili 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini haikumwachia kila mtu siku hiyo. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akauombe, aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, naye bwana wake alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kikundi kijadili mtu huyo alihitaji nini ili asikike mbele ya ofisa, na kinatofautianaje na walichohitaji Wamende kule New Haven.

Elezeni pia yaliyofuata hukumu, kwa sababu filamu inayapitia kwa maandishi mafupi. Mahakama ya Juu iliiondolea serikali jukumu la kuwarudisha, hivyo waliachiwa bila nauli. Walikaa Farmington, Connecticut, wakilima na kusoma huku michango ikikusanywa, na mmoja wao, Foone, akafa maji hukohuko. Novemba 1841 waliobaki 35 kati ya wale 53 walipanda meli iitwayo Gentleman pamoja na wamisionari, wakafika Freetown Januari 1842. Margru, mmoja wa wale wasichana watatu, alirudi Marekani baadaye kusoma katika chuo cha Oberlin. Sura ya Sengbe Pieh iliwekwa kwenye noti ya leone 5,000 ya Sierra Leone.

Kazi ya kuandika nyumbani iwe moja tu, na iwe ya hukumu. Merikebuni alikuwamo pia Antonio, kijana mtumwa wa nahodha Ferrer, aliyejua Kihispania na ambaye hakuna aliyebisha kwamba kwa sheria ya Hispania alikuwa mtumwa halali. Jaji Judson, katika hukumu ileile iliyowatangaza Wamende kuwa huru, aliamuru arudishwe Kuba kwa warithi wa bwana wake. Antonio hakusubiri, wapinga utumwa walimsaidia kutoroka hadi Montreal. Kila mwanafunzi aandike kurasa mbili kama jaji wa Connecticut wa Januari 1840, akiwa na sheria zilezile alizokuwa nazo Judson, aamue shauri la Antonio, na aeleze kila hoja aliyoitumia imetoka wapi.